Mikono ya Mama Mwenye Nyumba

Mara ya kwanza kumwona Mama Mwenye Nyumba alikuwa anampiga mwanamume kwa mchi. Nilikwenda pale kutafuta chumba. Dalali aliniacha mlangoni, akasema ingia tu, mwenyewe yupo uani, nami nikaufuata ule ukumbi mrefu wa nyumba za zamani za Kariakoo, vyumba kulia na kushoto, mpaka nikatokea nyuma. Mwanamume alikuwa chini, kavaa bukta tu, kajikinga kichwa kwa mikono. Juu yake kasimama mama mnene, kanga kaifunga kiunoni, anamshushia mchi begani kama anayetwanga kisamvu. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamsomea makosa yake kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hili la jana. Hili la juzi. Hili la jicho lake."

Mwenye jicho alikuwa pembeni, mke wa yule mwanamume, jicho limevimba mpaka limefunga, analia na kumwomba Mama amwache mumewe. Mama hakumsikiliza. Alipochoka aliegemeza mchi ukutani, akaniona.

"Wewe ndiye wa chumba?"

"Ndiyo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una mume?"

"Tumeachana."

"Alikuwa anakupiga?"

Niliutazama ule mchi ukutani. Alinitazama kidogo, akasema chumba kipo, cha tatu kulia, na kwamba humu ndani ugomvi ni wake peke yake. Anayetaka wa kwake akajenge nyumba yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na beseni la maji ya chumvi na kitambaa, akachutama kwa shida huku magoti yakilia, akaanza kumsafisha yule mwanamume bega. Mfupa ulikuwa umevunjika. Alimfunga mkono kwa kipande cha kanga yake mwenyewe, akamtafutia mtu wa kumpeleka hospitali.

Nilihamia wiki ileile. Niliishi kwake miaka mingi, nikishona mapazia kwenye fremu ya duka mtaa wa pili, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuniita jina langu. Nilikuwa Wewe wa Mapazia. Kulikuwa na Wewe wa Betri, aliyetengeneza simu, na Wewe wa Viroba, mlevi wa chumba cha mwisho, mbeba mizigo sokoni. Sisi tulimwita Mama. Mtaani walimwita Mama Mwenye Nyumba, hata wenye nyumba wenzake.

Alipiga watu. Sina namna nyingine ya kulisema. Alimpiga kibaka aliyechomoa simu dirishani, akampiga na yule aliyemnunulia ile simu. Ghorofa zilikuwa zinaota pande zote za nyumba yetu, kila mwaka nyumba moja ya Kiswahili inabomolewa, na madalali walikuwa hawaishi kuja na watu wao wa kupima kiwanja. Mmoja alithubutu kuupiga picha ukuta bila kuomba. Mama alitoka na sufuria la uji uliokuwa jikoni akammwagia miguuni. Nilisikia yule kaka akilia kama mtoto. Baadaye Mama alimtumia dawa ya moto, ile ya kupaka, na ujumbe kwamba akirudi atamwagia juu zaidi.

Lakini kuku hakuweza kumchinja. Sikukuu zikifika alimwita jirani amchinjie, naye akaingia chumbani, akaziba masikio kwa mito miwili. Na hakuwahi kumgusa mtoto. Watoto wa mle ndani walimpanda mgongoni, walimvuta nywele, walimlia vitumbua vyake vya asubuhi, naye anasema tu "nyie, nyie," kwa sauti ambayo hata paka asingeiogopa. Siku moja mama mmoja mpangaji alimchapa mwanawe kwa waya wa pasi. Mama alimnyang'anya waya, akamchapa yule mama nao papo hapo, mbele ya mtoto. Mtoto ndiye aliyelia zaidi. Nilikuwepo, na mpaka leo sijui kama alitenda jema.

Ilichukua muda kujua kwamba mikono ile ilikuwa inamuumiza yeye kuliko wanaopigwa.

Asubuhi mikono ilikuwa haifunguki. Vidole vilikuwa vimejikunja na kuelekea upande mmoja kama majani yaliyolaliwa na upepo, na vifundo vyake vimevimba, vya moto ukivigusa. Alikuwa anaamka kabla yetu aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu ili tusimwone. Mimi nilimwona kwa sababu nilikuwa nawahi bafuni. Tangu siku hiyo nikawa namkamulia kanga zake, namfungia hereni, namfungulia vifuniko. Hakushukuru. Aliniambia tu, "Nikimpiga mtu kofi, yeye anaumia saa hiyo. Mimi naumia mpaka kesho kutwa."

"Basi acha kupiga, Mama."

"Na nani atapiga?"

Nilimpeleka kliniki mimi. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, anaongea taratibu. Alimpima, akamtuma akapigwe picha ya mikono na kupimwa damu, akamweleza kwamba huu si uzee tu, viungo vyenyewe vinashambuliwa na mwili wake. Akamwandikia dawa ya muda mrefu ya ugonjwa wenyewe, ambayo ingechukua miezi kuonyesha kazi, na wakati tunaisubiri, vidonge vya diklofenaki vya kushusha uvimbe na maumivu, pamoja na kingine cha kulinda tumbo. Mama alikuwa na presha pia, anakunywa dawa zake kila siku, na daktari alipolisikia hilo aliweka kalamu chini.

"Mama, nisikilize hapa. Hiki cha maumivu utakunywa ukiwa umeshakula, si tumbo tupu. Utakunywa kile nilichoandika tu, siku nilizoandika tu. Usiongeze kingine cha maumivu juu yake, hata ukiambiwa ni kidogo, hata cha dukani. Kinaweza kupandisha presha, kinaweza kuumiza figo, kinaweza kutoboa tumbo. Miguu ikivimba, au ukiona choo cheusi kama lami, unaacha na unakuja. Husubiri kesho."

"Kama lami," Mama alirudia.

"Ndiyo. Hiyo inakuwa damu."

Mama alizitii amri zile kwa ukali uleule aliofanyia kila kitu. Alikula kabla ya kidonge hata kama hana hamu, amesimama, anautazama ugali kwa chuki. Kijana mpangaji aliyekuwa anachezea timu ya mtaani huko Jangwani alirudi na goti limevimba, akaomba kimoja tu, akafukuzwa mpaka barabarani na ufagio. "Unajua figo zako zikoje? Mimi sizijui." Mjamzito wa chumba cha kwanza alipoomba cha mgongo, Mama hakumpiga, ila alifunga kopo la vidonge kwenye pindo la kanga, akamshika mkono, akaenda naye kliniki kwa miguu yake mibovu. Huko waliambiwa kwamba kwa mimba iliyofika pale dawa ile ingeweza kumdhuru mtoto.  Niliona siku ile kwamba alikuwa ameogopa.

Taabu ilianza daktari alipomwambia vile vya diklofenaki sasa basi. Presha ilikuwa imepanda na kipimo cha figo hakikumfurahisha. Alisema tutabaki na ile dawa ya muda mrefu, panadol, maji ya moto na mazoezi ya vidole, na vile vikali virudi siku chache tu uvimbe ukizidi, kwa ruhusa yake.

Mama alinyoosha mkono juu ya meza, akamshika daktari ukosi wa koti. Alimvuta mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Unataka nirudi kule nilikotoka?"

Nilijaribu kuvifungua vidole vyake, na yeye, ambaye asubuhi alishindwa kushika kijiko, sikuweza kumfungua. Mlinzi aliingia. Daktari alimwonyesha ishara asubiri.

"Niachie nguo, mama, halafu tuongee," alisema.

Mama alimwachia. Hawakuongea. Tulirudi nyumbani, na siku zilizofuata alipasua sahani mbili kwa sababu zilimponyoka, na ya tatu aliitupa ukutani mwenyewe.

Muuza unga wa mitishamba alikuwa kwenye kona ya karibu na sokoni, meza, mwavuli, na spika inayorudia maneno yaleyale kuanzia asubuhi: magoti, mgongo, kiuno, ganzi, dawa asilia, mizizi na majani, haina kemikali. Kijana nadhifu, kanzu nyeupe, maneno laini. Alimwita Mama "bibi yangu", akamkorogea kijiko cha unga wa kahawia kwenye maji palepale, bure, ajaribu. Mama alikunywa, akakaa kwenye kigoda. Saa moja haijaisha, nikiwa bado nachagua uzi niliouendea, alinifuata dukani, akaninyooshea mkono, akaukunja ngumi, akaukunjua.

"Unaona?" alisema.

Niliona. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nilimuuliza kama tusimuulize daktari kwanza. Akasema daktari kakataza vidonge, hakukataza majani. Akaanza kunywa kila siku, na siku ambazo uvimbe ulizidi aliongeza na vile vya diklofenaki vilivyokuwa vimebaki kwenye kopo. Nilimkumbusha maneno ya kliniki. "Hiki ni kidonge, ule ni mti," alinijibu. "Havijuani."

Ile miezi ilikuwa mibaya kuliko yote niliyoishi pale. Mikono ilimrudia na hasira ikapata pa kukaa. Zamani alichagua, kwa sababu kila kofi lilikuwa na gharama. Sasa halikuwa nayo. Alimpiga Wewe wa Betri kwa kuacha bomba likivuja. Alimsukuma mwanamke wa maji ya kuuza akaangukia ndoo zake, akapasuka nyusi. Dalali yule wa uji, makovu bado miguuni, alipita tu barabarani, hakusimama hata, na Mama akamfuata akamtwanga ngumi ya mdomo. Jino lilidondoka kwenye vumbi. Mama aliutazama mkono wake, akacheka. Hakupeleka dawa safari hiyo. Wapangaji wawili walihama. Mimi nilianza kufunga mlango wangu kwa komeo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nimwache mume wangu.

Uso ulimnenepa, mashavu yakawa ya duara. Miguu ikavimba mpaka kandambili ikaacha alama. Akasema ni raha, analala vizuri. Nilipomuuliza kuhusu choo alinitukana.

Ilitokea mchana, siku ya soko kujaa. Wewe wa Viroba alikuwa amelala ukumbini, kalewa, kazuia njia. Mama alimshika shati kifuani akamburuta kuelekea barazani, anampiga kichwa ukutani kila hatua, na yule mlevi anasema "basi, mama, basi, nainuka." Mimi nilikuwa nawapita na kitambaa begani. Mama alisimama. Akaweka kiganja ukutani kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Kisha akatapika, kwanza vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, halafu damu, damu nyekundu kabisa, nyingi, ikamwagika kifuani kwake na kwenye uso wa mlevi aliyekuwa chini yake.

Sisi sote tulibaki tumesimama. Ni yule mlevi aliyeamka. Damu yake mwenyewe inamtoka nyuma ya kichwa, alijipenyeza chini ya Mama, akambeba mgongoni kama gunia, akatoka naye mbio mpaka kwenye bajaji. Niliwafuata nimeshika kitambaa changu cha mapazia, nikamfuta nacho mdomo njia nzima.

Hospitali walimwingiza haraka, wakamtundikia damu. Daktari wa zamu aliniuliza anatumia dawa gani. Nikataja za presha, za viungo, vile vidonge. Akauliza na nini kingine. Nikasema kingine si dawa, ni mizizi tu. Akaniambia niende nikailete.

Aliufungua unga akaunusa, akaufunga tena.

"Unampa nafuu ndani ya saa moja?"

"Ndiyo, unampa."

"Mizizi ya aina hiyo siijui," alisema. "Siwezi kuapa bila kupima. Lakini tunawapokea wengi, na mara nyingi mle ndani mnakuwa na vidonge vilivyosagwa. Vya maumivu, na vingine vya kuzima uvimbe haraka, ndivyo vinavyojaza uso. Kama ndivyo, alikuwa anakunywa dawa ileile mara mbili, tatu, bila kujua, juu ya tumbo lililokwisha kuchubuka. Na hivyo vya kujaza uso haviachwi ghafla tu, tutampa sisi wenyewe na kuvipunguza kwa mpango. Mwambie unga asiuguse tena."

Nilimwambia Mama siku alipoweza kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba maji.

Aliporuhusiwa, uso umempauka, aliniambia bajaji isipite nyumbani kwanza. Nilimbembeleza. Nilimwambia polisi wapo, tuwaachie. Akasema, "Wewe kaa ndani ya bajaji basi." Akashuka na fimbo ya kutembelea aliyopewa siku ileile.

Spika ilikuwa inaendelea. Kijana alimwona akatabasamu, akasema "bibi yangu, ulipotea." Fimbo ilimpata kwenye sikio. Ya pili ikaipata meza, makopo yakamwagika, na meza ilipopinduka tuliona kilichokuwa chini yake: ndoo, kinu kidogo, na maganda ya vidonge, yale ya bati jembamba la kung'aa unayobonyeza kidonge kinatoka, matupu, yamejaa mfuko mzima wa rambo.

Mama aliokota moja. Aliligeuza, akalisoma, akaliinua juu watu waone.

Pale ndipo alipokosea, au labda hakujua Kariakoo ilivyo ingawa aliishi humo. Mtu mmoja alisema "huyu ndiye aliyemuua baba yangu," na hilo lilitosha. Sikuona jiwe la kwanza. Niliona kanzu nyeupe inavutwa, inachanika, kijana anakwenda chini, mateke, tofali la kuzuilia gari linapita juu ya vichwa. Mtu alikuwa anaviringisha tairi. Kijana alikuwa anaita mama yake, na mdomo wake haukuwa na umbo tena.

Mama alipiga fimbo mgongo wa aliyekuwa mbele yake. Akapiga wa pili. Alipita katikati yao akipiga kila alichokifikia, na kwa kuwa walidhani anakwenda kummalizia walimpisha. Alipofika alijilaza juu ya yule kijana. Mwili wake wote mzito, kanga ya hospitali, ulimfunika.

"Ni wangu," alisema. "Aliniua mimi. Ni wangu."

"Toka, bibi, utaumia."

"Ni wangu huyu."

Tofali moja lilikuwa limeshatupwa. Lilimpata mkono wa kulia, alioutandaza juu ya kichwa cha kijana. Mimi nilisikia mfupa. Yeye hakulia, ila alifumba macho, na kitu hicho, bibi kavunjwa mkono mbele yao, ndicho kilichowafanya watu warudi nyuma hatua moja, halafu mbili, mpaka polisi walipofika.

Walimchukua kijana akiwa hai. Sikumwona tena. Unga kama ule bado unauzwa, kona nyingine, spika nyingine.

Mkono haukupona vizuri. Mwaka uliofuata nyumba iliuzwa. Mpwa wake ndiye aliyesaini naye. Siku ya kubomoa sikwenda. Mama alihamia kwa huyo mpwa, Magomeni, na mimi nikapata chumba Ilala. Tulipigiana simu, kisha simu zikapungua.

Nilikwenda kumwona mwaka jana. Mke wa mpwa alinipeleka chumbani, akaniambia dawa anazimeza vizuri, kliniki hakosi, tumbo halijasumbua tena, figo zinaangaliwa. Alisema anaongea kidogo siku hizi. Mama alikuwa kitandani, amekonda, mashavu yale ya duara yameisha. Mikono ilikuwa juu ya shuka. Wa kulia umepinda palipovunjika, na vidole vya yote miwili vimefunga kabisa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe wa Mapazia." Alisubiri yule mke atoke. "Funga mlango."

Nilifunga. Akaniambia nisogee, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bado unashona Kariakoo?"

"Bado."

"Niletee ule unga."

Nilidhani sijasikia sawasawa. Nikamwambia, Mama, ule unga ulikutoa damu, nilikuwepo, nilikushika. Akasema anajua. Akasema hataki wa kila siku. Anataka wa siku moja, afungue mikono siku moja tu, ajifunge kanga mwenyewe, halafu basi.

"Daktari wako anasemaje?"

"Daktari anasema nivumilie."

"Tutaongea naye. Tumwambie maumivu yamezidi, labda ana kingine. Nitakwenda nawe mwenyewe. Lakini ule sileti, Mama."

 Niliuona mkono wa kushoto unaondoka kwenye shuka, taratibu, unatetemeka, unapanda. Ningeweza kusogea. Katika miaka yote ile hakuwahi kunipiga hata kofi. Mkono ulifika shavuni kwangu ukagusa, mwepesi, wa moto, kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, ukateleza ukaangukia pajani kwangu.

Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi.

"Umelisikia?" aliniuliza.

"Nimelisikia, Mama."

"Limeuma?"

"Limeuma sana."

Aliitikia kwa kichwa, akafumba macho. Mkono aliuacha palepale pajani, nami nikaanza kuusugua, kidole kimoja kimoja, polepole, mpaka nilipoitwa chai.